Nilivyompeleka mama mkwe kung'oa jino, nikaambiwa nimshike mkono

Wakuu, poleni na majukumu. Leo sina siasa wala connection za ajira. Nina kisa cha jino, na nikiongeza chumvi hata kidogo, basi shavu linivimbe na mimi.

Mimi ni Msubi wa Nyakahura, Biharamulo. Nalima maharage na nina ng'ombe wangu wachache. Nimeoa Kasulo, Ngara, kwenye familia iliyoingia kutoka Burundi enzi za wakimbizi, ikabaki ikilima.

Mama mkwe aliamka shavu limevimba mpaka jicho linafungika. Gego limeoza, limetunga usaha, homa juu, uji haupiti. Kijijini kwao kuna mtu alipuuzia jino namna hiyohiyo, wakamzika. Kwa hiyo mambo ya kupaka karafuu yalishapitwa.

Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua juzi tu. Shemeji zangu wako machimboni. Wa kumpeleka nikabaki mimi, mkwe.

Kwa wasiojua mila zetu: mama mkwe humgusi, humtazami usoni, wala hutaji jina lake. Ukimwona njiani unapisha porini. Ilibidi tukodi bodaboda mbili, mimi mbele, yeye nyuma kwa mbali kama watu waliogombana.

Kituo chenyewe sikitaji. Zamani pale ukipiga kelele unaitiwa Kulwa, mhudumu mmoja wa miraba minne, anakukandamiza mpaka jino litoke. Safari hii nikakuta mageuzi. Daktari wa meno, kijana tu, alikuwa ametoka semina ya kuhudumia wagonjwa wenye majeraha ya moyo. Fulana ya semina kavaa. Ukutani kuna bango jipya: HAPA UKO SALAMA. Herufi nyekundu, na limebandikwa juu ya meza ya makoleo.

"Shikamoo mama," daktari akaanza, mpole kweli.

"Marahaba."

"Leo wewe ndiye bosi. Ukiumia, nyosha mkono tu, naacha papo hapo. Sawa?"

"Sawa."

Kulwa, kwa mazoea, akaja akaishika mikono ya mama yote miwili.

Nikajiuliza, sasa huyu mama atanyosha nini? Ulimi?

(Mimi nilikuwa mlangoni nimeangalia pembeni. Ila mlio wa kiti na sauti ya Kulwa, "tulia mama," nilivisikia. Masikio hayana mila.)

Kiti kikalazwa, taa ikawashwa usoni.

"Oya! Oya!" Kwa Kirundi chao, hiyo ni "hapana."

Mama alinipita pale mlangoni kwa kasi, kandambili moja imebaki ndani. Hatukumfikia mpaka uani, kwenye bodaboda.

"Hapo sirari tena," akasema, kila L kwake ni R. "Afadhari nife na jino rangu."

Nikampigia mke wangu nikiwa na hasira, nimwambie mama yake anatuaibisha. Akasema:

"Wakati wanakimbia kutoka Burundi, wanaume waliwakuta njiani. Walimlaza chali, wakamshika mikono, wakammulika tochi usoni. Mengine hajawahi kusema, na sisi hatujawahi kumuuliza."

Wakuu, nilikaa chini. Miaka yote nakula ugali wa yule mama, sikujua. Iliniuma sana, na ile hasira ikanigeukia mwenyewe.

Nikamfuata daktari nikamnong'oneza sikioni. Akashtuka kwa dhati kabisa, akatoka barazani, akatangaza:

"Kulwa! Huyu mama ana kiwewe! Tumpe huduma ya kiwewe!"

Foleni nzima ikageuka. Mada ya kutunza siri za mgonjwa nadhani ilifundishwa wakati yeye yuko kwenye chai.

Kisha akanigeukia mimi. "Semina inasema mgonjwa ashikwe mkono na mtu wake wa karibu. Mkwe, njoo umshike mama."

Mzee mmoja kwenye foleni akafanya ishara ya msalaba.

"Mkwe amshike mkono mama mkwe? Yesu na Maria! Kijana, hilo jino acheni likae."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikikataa, mama anarudi Kasulo na usaha wake. Nikikubali, sina sura ya kukanyaga ukweni tena.

Aliyetuokoa ni mama mkwe mwenyewe. Akafungua kitenge cha begani, ncha moja akaizungusha mkononi mwake, nyingine akairusha upande wangu.

"Shika huko. Geukia mrangoni. Nikivuta, mwambie aache." Akamtazama daktari. "Na mimi nitakaa wima. Tochi yako isinipige machoni. Na huyu wa kushika watu, atoke."

Kulwa akatoka, hajui mikono aiweke wapi.

Basi nikasimama nimeangalia nje, kitenge nimekishika kama kamba ya ng'ombe. Sindano ya ganzi ilipoingia tu, kikavutwa.

"Acha daktari!"

Daktari akaacha. Akasubiri. Kitenge kikalegea.

"Naendelea, mama?"

"Enderea."

Ganzi ikakolea, koleo likaanza kazi. Kikavutwa tena, nikapiga kelele, daktari akaacha tena, jasho linamtoka.

"Unaumia, mama?"

"Oya."

"Basi niendelee?"

"Enderea."

Daktari hajamaliza hata kuinua mkono, kikavutwa tena. Akaacha tena. Ikawa hivyohivyo mpaka gego likatoka na usaha wake wote. Kijana wa watu hakununa hata mara moja, hapo nilimpa heshima yake.

Jioni nikawa namsimulia mke wangu huku nacheka. Nikamwambia mama yako kavuta kitenge mpaka bega limeniuma, wakati ganzi imeshamkolea, haumii chochote!

Mke wangu hakucheka.

"Alikuwa anataka kuona kama kweli daktari ataacha," akasema.

Kicheko kikaniishia palepale.

Nilichojifunza: bango halimfanyi mtu awe salama. Mtu anakuwa salama akisema acha, na ukaacha.

Haya, uwanja wenu. Wewe ulipoambiwa "ukiumia sema," ulisema? Wakaacha? Na mwenye taarifa kama Kulwa naye atapelekwa semina, atujuze humu, maana nina jino la juu limeanza kunigonga.