Mstari Aliosimama Mama

Majivu yakinyeshewa manyunyu hutoa harufu ya chumvi na moshi mzee, na aliyekulia kijijini kwetu hawezi kuisahau. Niliisikia tena asubuhi ya uchaguzi uliopita hapa Bariadi, nikiwa kwenye foleni ya kupiga kura katika uwanja wa shule. Mgambo alikuwa ametuchorea mstari wa majivu ili tusimame vizuri, na mvua ikaanza kudondoka. Wenzangu walijifunika mikoba vichwani. Mimi miguu ilikataa kusogea. Dada mmoja nyuma yangu akanigusa bega akasema, "Sista, songa basi, au umebadili mawazo?" Nikasonga, lakini akili ilikuwa imeshafika kijijini kwetu, upande wa Kimali, nikiwa Minza, binti wa darasa la tano, nimesimama kando ya mistari miwili ya majivu, namwangalia mama.

Nawasimulieni haya, ndugu zangu, kwa sababu kila msimu wa kura nawasikia wasomi wa mjini wakisema wanawake wa vijijini hupiga kura bila kufikiri, wakifuata tu mume alikoelekea. Husema hivyo kwa sauti ya huruma, wakishushia na soda. Mimi pia nina shahada yangu ukutani, nimeiwekea fremu, lakini maneno hayo hunichefua.

Kijijini kwetu maji yalikuwa mchangani. Mto ulipokauka, wanawake na wasichana walichimba mashimo katikati yake, wakachuchumaa wakisubiri maji yajitokeze, kisha wakayachota kwa kikombe mpaka ndoo ijae. Mama aliniamsha kila alfajiri tukaenda pamoja. Nilikuwa nikifika shuleni mgongo umelowa na nusu ya hesabu imeshafutwa ubaoni. Mpaka leo sehemu na desimali zinanipiga chenga, na simlaumu mwalimu.

Basi mwaka ule tukaambiwa tutachimbiwa kisima kirefu chenye pampu. Wataalamu walipima wakasema maji yapo sehemu mbili: karibu na shule, na kule bondeni, jirani na boma la mzee Mayunga. Kamati ya maji ndiyo ingeamua kichimbwe wapi, na mwenyekiti wa kamati angechaguliwa na kijiji kizima. Mzee Mayunga, ambaye ng'ombe wake wakipita njiani ulikuwa unaweza kukaa chini ukachambua mboga ukamaliza, akasema anagombea. Mwalimu Rehema, mwalimu wa darasa letu, naye akasema anagombea.

Sisi Wasukuma kugawanyika hakututishi. Ngoma zetu zenyewe ni za pande mbili, Bagika na Bagalu, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Lakini ngoma ikiisha watu hurudi nyumbani wakitaniana. Safari hii hawakutaniana. Wanaume walisema haijapata kuonekana mwanamke akakalia kiti cha maji, tena mgeni kutoka Kagera asiyejua hata kukamua. Maji tuliyokuwa tukiyabeba vichwani kila siku, kumbe kuyasimamia ilikuwa kazi ya wanaume. Majirani wawili waliacha kuazimana jembe. Vilabuni watu walikaa mafungu mafungu.

Wanawake nao walikuwa na lao. Niliwasikia wakichambua pamba uani kwetu. Mama alikuwa amemaliza darasa la saba, akafaulu, kisha ng'ombe wa mahari wakafika kabla ya sare za sekondari. Ndiye aliyewasomea wenzake barua na karatasi za kliniki, kwa hiyo walimsikiliza. Alisema, "Tukisimama wote nyuma ya Mwalimu, nani atatufukuza? Watawafukuza wake wote wa kijiji, wapikiwe na nani?" Wakacheka, wakakubaliana. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la lumbesa la pamba nikijiona mwana wa jemedari. Kisima kikiwa karibu na shule, nitawahi hesabu. Sikuwa na siasa nyingine.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nililijua bila kulielewa. Ng'ombe wetu hawakuwa wetu. Mzee Mayunga alikuwa ametuwekea majike wawili na dume wa kulimia: sisi tuwachunge, maziwa na samadi viwe vyetu, ndama wawe wake. Nusu ya kijiji ilikuwa na ng'ombe wake kwa mtindo huo. Na mdogo wangu Masunga, aliyezaliwa mdogo kama kifaranga, alikuwa anaishi kwa maziwa hayo, maana mama aliugua malaria baada ya kujifungua na ziwa likakauka. Nesi wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba mtoto huyu akikosa maziwa hatamaliza masika.

Siku moja kabla ya mkutano, mchana, mzee Mayunga alikuja kwetu kwa miguu, peke yake. Mama alipiga goti kumwamkia. "Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Na watoto?"

Nilitaka kucheka kwamba ng'ombe walitangulia, lakini baba alinikata jicho. Mzee akakaa kwenye kigoda, akaletewa maziwa, akanywa polepole. Kisha akaomba ampakate Masunga. Akampima uzito mkononi, akamtekenya, na mtoto akacheka.

"Amenawiri huyu," alisema. "Maziwa ni dawa." Akamrudishia mama. "Kesho kuna watu watababaika na mistari. Wewe umesoma, Mama Minza. Huwezi kubabaika."

Alizunguka zizini, akampigapiga jike mwekundu mgongoni, akaaga kwa heshima zote. Alipokwisha kuondoka nyumba ilikuwa ndogo. Sijui nisemeje vizuri zaidi. Uwanja ulikuwa uleule, lakini hapakuwa na mahali pa kuweka mguu.

Jioni, tukila ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, baba alisema bila kumtazama mama, "Mwalimu ni mtu mzuri. Lakini ni mtumishi, kesho atahamishwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Na mimi nimesema nini?" mama akauliza.

"Hujasema. Sikulazimishi, Mama Minza. Nauliza tu, kesho kutwa asubuhi tutamkamua nani?"

Mama akaendelea kumlisha Masunga. Nilimwona baba akitazama mikono yake, na nilimdharau. Mtoto ana haraka ya kudharau kwa sababu hajawahi kudaiwa kitu.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Mtendaji wa kijiji alikumbusha kwamba kura haitakuwa ya karatasi, maana wengi hawasomi na hataki waonewe. Kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, wahesabiwe, kwisha. Watu wakapiga makofi. Ilionekana huruma kubwa. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, kila mmoja wetu angesomwa na mzee Mayunga kuanzia unyayo hadi utosi.

Vijana wakamwaga majivu, mistari miwili. Mzee akasimama mbele ya mmoja ameegemea fimbo. Mwalimu Rehema akasimama mbele ya mwingine, mikono ameifumbata, amevaa gauni lake la bluu la siku za mitihani ya taifa.

Nyuma yake walikwenda walimu wenzake. Akaenda nesi. Akaenda Bibi Holo, mjane mpika pombe, ambaye hakuwa na mume, wala shamba, wala mbuzi, akitembea kwa madaha kama anaingia kucheza ngoma. Wakaenda vijana wachache waliokuwa wakingoja nauli ya kwenda machimboni. Nilikuja kuielewa orodha hiyo ukubwani: wenye mshahara, na wasio na kitu cha kunyang'anywa. Hao ndio waliokuwa na miguu yao. Sisi wa katikati, wenye kitu kidogo ambacho ni cha mtu mwingine, tulikuwa tumefungwa kamba fupi.

Wanaume wakajipanga nyuma ya mzee, baba akiwa miongoni mwao, macho chini. Wanawake hawakusogea. Walikuwa wamekusanyika kando wakimngoja mama. Na mama alikuwa amesimama katikati ya mistari, Masunga mgongoni.

"Wewe mama," mtendaji akasema, "jua kali. Uko wapi?"

Alinitazama. Nilimwonyesha kwa kidole mstari wa Mwalimu, kwa siri, chini ya kiuno. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mama akafungua khanga iliyomshika mtoto, akaikaza upya, akafunga fundo. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mzee Mayunga.

Wanawake wengine wakamfuata. Hawakuwa na sababu ya kubaki. Nilimtazama Mwalimu Rehema nikitegemea hasira, lakini alimtazama mama kwa upole tu, na upole huo ndio uliniliza. Mzee akashinda kwa mbali. Akawashukuru akina mama kwa busara zao.

Kisima kikachimbwa bondeni. Kilikuwa mbali kuliko mto, na ng'ombe walinywa kwanza. Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata, kama baba alivyotabiri. Jike mwekundu akaendelea kukamuliwa, na Masunga akaota mashavu. Leo ni dereva wa lori, mwenye kitambi na kelele nyingi za siasa, wala hajui kwamba kura ile ilikuwa yake.

Mimi nilimnunia mama. Nilikuwa nimeapa sitamsemesha, na niliitunza nadhiri hiyo kwa ukaidi ambao bado ninao. Naye akaacha kuniamsha alfajiri. Kila asubuhi niliamka nikakuta mitungi imejaa, uji upo, mama ameshakwenda safari ya pili bondeni. Nikajua amenichoka, hataki tuongozane, na ikaniuma zaidi. Nikaenda zangu shuleni mapema, nikakaa dawati la mbele, nikawa nakuta hesabu zote ubaoni. Hivyo hivyo mwaka mzima, na mwingine, mpaka nikafaulu. Nilijipongeza sana. Nilidhani ni akili zangu.

Mwaka jana nilimleta mama hospitali hapa Bariadi kwa ajili ya shingo na mgongo. Daktari, kijana mdogo, alishika picha akaitazama kwenye mwanga, akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani. "Maji tu, mwanangu," mama akajibu. Tulipotoka nikamkalisha kivulini, nikamuuliza swali nililolibeba tangu utoto: kwa nini mwaka ule wa kisima aliacha kuniamsha?

Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini alikuwa akipika.

"Nilisimama mstari ule kwa ajili ya Masunga," alisema. "Sasa ningekubebesha wewe maji yake?"