Nta kwenye Vioo vya Shimo Jeusi

"Shoga, hivi unalipwa kusafisha vioo ambavyo hakuna hata mtu anayejitazama?" jirani yake, fundi cherehani, alimuuliza siku moja, pini zikiwa mdomoni.

Mama Vioo, kama walivyomwita kazini, alivimba kichwa. Akaeleza kwamba mbali kabisa, katikati ya kundi kubwa la nyota, kuna shimo jeusi linalomeza kila kitu, na kinachoponea chupuchupu hurushwa nje kama maji ya mpira uliobanwa mdomo. Humo hutoka miale mikali isiyoonekana kwa macho. Ikigonga hewa yetu huko juu, humeta buluu kidogo tu, kufumba na kufumbua, na vioo vyake vya darubini ndivyo vinavyoudaka mwanga huo.

"Basi ving'arishe kwa nta ya makabati," fundi akashauri. "Vitadaka zaidi."

Mtu mwenye akili angewauliza wakubwa. Yeye, aliyeambiwa kwa miaka kumi na mmoja kuwa ni maji safi tu, alinunua kopo. Vioo vyote alivyovifikia kwa ngazi, sitini na vinne, alivipaka na kuvisugua huku akimwimbia Mungu. Vikawaka! Akajiona msomi.

Wiki iliyofuata, akipeleka chai, aliwakuta Daktari wa nyota na msaidizi wake wameinamia kompyuta.

"Mkondo wa miale ya shimo letu umefifia theluthi nzima!" Daktari alisema kwa furaha. "Mchana huu tunawaandikia wenzetu duniani kote."

"Tangu lini?" msaidizi akauliza.

"Jumanne."

Akalitua birika mezani. Jumanne ndiyo siku ya kopo. Mwanamke wa darasa la saba amelizima shimo jeusi kwa nta ya makabati!

Alikimbilia chooni akamwomba Mungu msamaha, maana Yeye angalau hakunji uso. Akamwomba pia amfikishie Daktari taarifa, hilo halikujibiwa. Barua ikienda, Daktari ataaibika. Akisema, kazi imeota mbawa, na kustaafu kumebaki miaka miwili.

Akarudi na kopo, akaliweka katikati ya vikombe.

Daktari alilisoma mara mbili. "Mama, umevipaka vioo hii? Nta inameza ule mwanga wa buluu!"

"Nimevipaka, mwanangu. Shimo halina kosa. Naomba msiitume hiyo barua. Nipeni ndoo na chochote kinachofaa kutoa nta, niitoe mwenyewe, kioo kimoja kimoja. Mkitaka kunifukuza, mnifukuze nikimaliza."