Aliyempigia Yowe Mukakalisa

Languida Mukandutiye alikuwa dobi katika nyumba ya watoto yatima iliyosimama juu kidogo ya mji wa Gisenyi, kando ya barabara iendayo Nyundo. Hakuwa na mume wala mtoto. Alizaliwa Kanama, na wakati wa njaa kuu, akiwa bado msichana, wazazi wake waliwachukua watoto wao kwa miguu kwenda kutafuta chakula upande wa Kongo. Njiani mdogo wake wa kike alipotea katika msafara. Mama yao alikuwa amedhoofika hata sauti haikumtoka, na wapita njia hawakusimama, maana kila mmoja alikuwa na wake wa kubeba. Mtoto yule hakuonekana tena. Languida hakupenda kulisimulia jambo hilo, lakini hakuweza kumpita mtoto aliye peke yake barabarani bila kumuuliza anakwenda wapi.

Kwetu milimani mtoto akipotea, mama yake hupanda mahali pa juu na kupiga yowe, lile tunaloliita induru. Anayelisikia huweka jembe chini, hulipeleka kwa watu wa mlima unaofuata, kisha huenda kutafuta. Asiyekwenda huulizwa sababu, na anayelipiga bure huulizwa vilevile. Nyumba ya watoto ilikuwa na mabati, mablanketi na uji wa asubuhi. Mtu wa kupiga yowe haikuwa naye, na katika miaka yake yote hakuna aliyeuliza kwa nini.

Msimamizi, Théogène, hakuwa mtu mbaya. Aliwaogopa wafadhili wa komite, ile kamati iliyoigharamia nyumba, basi akaweka kanuni kwamba habari za nyumba zibaki ndani ya nyumba. Mtoto akitoroka, alisubiriwa hadi chakula cha jioni, na akirudi alichapwa mbele ya wenzake. Wengi walirudi, kwa hiyo kanuni ilionekana njema. Ndivyo kanuni nyingi mbaya zinavyoishi: hazijakutana na siku yake.

Siku hiyo ilikuja mwaka 1956, wakati wa kiangazi. Mukakalisa alikuwa na miaka minane na upele mwili mzima. Kwa amri ya msimamizi alilala peke yake katika chumba cha makaa, akala kwa bakuli lake mwenyewe. Wenzake walisogea akikaribia benchi. Aliyemkaribia bila kuhesabu hatua alikuwa Languida, aliyechemsha blanketi lake kila wiki na kumpa ncha moja ashike wakati wa kulikamua.

"Hii maji ya moto inatoa upele?" mtoto alimuuliza siku moja.

"Inatoa ya blanketi."

"Na ya mutu?"

"Kule Nyamyumba maji inatoka chini na moto yake. Watu wanasema inatoa," Languida alijibu, akili yake ikiwa kwenye nguo.

Siku chache baadaye, chakula cha mchana kilipogawanywa, bakuli la Mukakalisa halikuchukuliwa. Théogène aliwapanga watoto mstari, fimbo mkononi, akawauliza mwenzao yuko wapi. Walitazama chini wote. Alipoondoka, Languida aliketi sakafuni katikati yao akauliza swali lile lile. Msichana mmoja, Nyirasafari, akasema taratibu, "Ameenda kuosha upele, mahali watu hawatamuona."

Languida akakumbuka walichosemezana wakikamua blanketi. Alimfuata msimamizi ofisini.

"Ngoja jioni," Théogène alimwambia. "Njaa itamurudisha."

"Bwana, huyu hakutoroka. Ameenda Nyamyumba kwenye maji ya moto. Ile maji inaunguza."

"Bon, sawa. Nitatuma zamu wetu wa mulangoni akaangalie, bila kelele."

"Zamu ni mutu moja, na huyu mutoto amezoea kufukuzwa. Akiona mutu anajificha. Inatakiwa watu wengi."

"Na kesho komite itauliza tunachunga watoto namna gani."

"Iulize."

"Halafu utapiga yowe kama nani? We si mama yake. Watu wakikuja, utawaambia nini?"

Languida alijifuta mikono kwenye kitambaa chake, akapita nyuma ya jiko, akapanda mteremko mpaka mahali ambapo ziwa lililo chini ya mji linaonekana wazi, akapiga yowe.

Wa kwanza kufika alikuwa Saidati, mshonaji wa mtaa wa Waislamu ulio chini ya nyumba ile, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nyuma yake walikuja wengine, wanahema.

"We Languida," Saidati alisema, "una mutoto tangu lini? Hata mimba hatukuona."

Wawili watatu wakacheka.

"Tangu leo," Languida alisema. "Anaitwa Mukakalisa. Ana gauni ya buluu na upele. Yuko kwenye mawe ya maji ya moto, Nyamyumba. Akiona watu anajificha, kwa hiyo mumwite kwa jina. Mumwambie mama yake anamutafuta."

"Mama yake," Saidati alirudia, bila mzaha sasa. Alikaza kanga kiunoni, akageukia ziwa, akalipokea yowe kwa sauti kubwa kuliko ya Languida.

Lilikwenda, pamoja na jina la mtoto, kutoka shamba hadi shamba kufuata ufuko. Huko Nyamyumba lilimkuta mvuvi aitwaye Mbonigaba anashona wavu. Wanawake waliokuwa wakioga penye chemchemi hawakuwa wameona mtoto yeyote. Mbonigaba akaenda mbali zaidi, kwenye mawe ambako mvuke hutoka na watu hawaogi, akiita jina na kusema kwamba mama anamtafuta.

"Mama gani?" sauti ndogo ikauliza kutoka katikati ya mawe.

Alikuwa amelala kwa ubavu. Nyayo zake zilikuwa zimeungua hadi vifundoni, hawezi kusimama. Alikuwa amewasikia wale wanawake tangu asubuhi, naye akanyamaza.

Mbonigaba alimleta mjini kwa mtumbwi. Théogène alikuwa ameshuka ufukoni, akanyoosha mikono ampokee.

"We ni nani yake?" mvuvi aliuliza.

"Mimi ni musimamizi."

"Yowe ya musimamizi sikusikia. Nilisikia ya mama." Hakumtoa mtoto mpaka Languida alipoingia majini hadi magotini.

Hospitalini, Théogène alitaka kumhoji mtoto peke yake. Languida hakutoka.

"Kwa nini ulitoroka?" msimamizi aliuliza.

"Sikutoroka," mtoto alisema. "Nilikuwa nitarudi nikipona, nilale na wengine."

Théogène aliinama akazitazama zile nyayo zilizofungwa bandeji. Komite ilipokutana, mfadhili mmoja alitaka Languida afukuzwe kwa kuiaibisha nyumba mbele ya mji. Théogène ndiye aliyesimama akasema kwamba aibu ilikuwa ya kwake, na kwamba kama Languida angesubiri jioni wangemzika mtoto. Ikaamuliwa kila mtoto awe na mtu mzima mmoja, anayemjua kwa jina, ambaye mtoto huyo asipoonekana atapanda mteremkoni bila kuomba ruhusa. Zamu alipewa wanne, Théogène mwenyewe wawili. Fimbo iliendelea kuning'inia ofisini mwaka mzima, na hilo silifichi. Ila aliyerudi aliulizwa kwanza alichokuwa akikitafuta. Nasema wazi kwamba nyumba isiyoweza kufanya hayo isipewe watoto.

Chumba cha makaa kikabaki na makaa tu. Mukakalisa aliporudi alikuwa bado hatembei, basi Languida alimketisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akampa ncha ya blanketi. Wakakamua.

"Nikipotea tena, utapiga yowe?" mtoto aliuliza.

"Usipotee."

"Lakini nikipotea."

"Kamata vizuri," Languida alisema, "maji inamwagika kwa bandeji." Kisha akasema, "Nitapiga."