Mkalimani wa Mama Furaha

Kila nikisikia viti vya plastiki vikiburutwa kwenye sakafu ya simenti, natafuta mlango. Juzi nilikuwa nimekaa katika ukumbi mmoja hapa Bunia, kati ya vijana wenzangu wenye diploma ndani ya bahasha, tukisubiri kuitwa kwa mtihani wa kazi ya ukalimani. Mlinzi akaanza kupanga viti. Aliviburuta kimoja kimoja, krrr, krrr, na mimi nikasimama nikatoka nje kama mtu anayekwenda kupokea simu. Sikurudi. Mama aliponiuliza mtihani ulikuwaje, nikamwambia umeahirishwa. Nina miaka ishirini na minne na bado nasema uongo kama nilivyousema nilipokuwa na kumi na mmoja, na kwa sababu zile zile. Ninyi nitawaambia, kwa kuwa hamnijui.

Shule yetu ilikuwa mtaa wa Nyakasanza, nyuma ya ukuta mrefu uliopakwa chokaa nusu yake tu, kama vile mpakaji aliitwa nyumbani ghafla. Ilikuwa shule ya serikali, lakini haikufanana na nyingine. Tulisoma kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, kuanzia darasa la kwanza la msingi hadi madarasa ya kati, na vitabu vyetu vilifuata programu ya kimataifa iliyoandikwa mbali sana, na watu ambao, ukiangalia michoro yao, hawakuwahi kukanyaga tope. Jumatatu na Jumatano zilikuwa siku za Kifaransa. Jumanne na Alhamisi zilikuwa za Kiingereza, na siku hizo hata ugomvi ulipungua uwanjani, maana kumtukana mtu kwa Kiingereza kulihitaji matayarisho. Ijumaa tulichanganya.

Tulivaa sweta za kijani kama sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Watoto wa shule nyingine walitungoja barabarani wakipiga makofi: "Sombe inapita! Leteni chumvi!" Tulijifanya hatuwasikii. Sisi tulikuwa na nafasi, na wao hawakuwa nayo. Kila dawati letu lilikuwa na mtoto mwingine aliyekuwa analisubiri nje ya ukuta, na wazazi walilijua jambo hilo kuliko sisi. Baba yangu, aliyetoka Butembo akafungua duka la vitambaa hapa, aliniambia karibu kila asubuhi, "Kavira, hata ukigonjwa, gonjwa mule ndani."

Furaha alikuwa mwenzangu wa dawati tangu darasa la tatu. Watu wa kwao walitoka upande wa Mahagi wakakaa mtaa wa Mbunya, na mama yake aliuza sokoni samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka Kasenyi, kule ziwani. Sweta ya Furaha ilinuka moshi huo. Nilikuwa napenda kuinusa asubuhi za baridi, kabla jua halijafika dirishani. Alikuwa hodari wa hesabu, lakini kusoma kulimchosha. Mbele ya ukurasa mrefu alikuwa anapepesa macho kama mtu aliyepulizwa vumbi. Tulipatana. Yeye alinipa majibu ya hesabu, na mimi nilimsomea hadithi kwa kunong'ona. Siku hizi najiuliza kama hata huko kunong'ona kulimsaidia au kulimharibu. Lakini mimi hujiuliza kila kitu.

Sasa, kuhusu siku ya kuchukua bulletin, ile karatasi ya matokeo. Wazazi wengi hawakujua Kiingereza, na wengine hawakujua Kifaransa pia. Ticha Ayiko, mwalimu wetu wa Kiingereza, alitoka Uganda, ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake kilitosha kununua ndizi, basi. Directeur, mkuu wa shule, angeweza kutafsiri maneno mawili matatu, ila hakuweza kuwa katika vyumba vyote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo shule ilituchagua sisi, watoto wa darasa la sita tuliosema vizuri, tukawa wakalimani. Tulifungwa kitambaa cheupe mkononi. Na kulikuwa na sheria moja: mtoto hatafsirii wazazi wake mwenyewe, kwa sababu atadanganya. Atatafsiria wazazi wa mwenzake. Na huyo mwenzake atangoja nje, uwanjani, asisikie.

Watu wazima waliona sheria hiyo ni ya akili sana. Hawakufikiri kwamba mtoto anaweza kudanganya kwa ajili ya mwingine.

Ilikuwa mwisho wa mwaka. Viti vya plastiki viliburutwa, wazazi wakaketi, na zamu ya Mama Furaha ilipofika nikaitwa mimi. Aliingia na kitambaa chake kizuri cha kanisani, mikono imesuguliwa kwa limau hadi vidole vimepauka, lakini moshi wa samaki ulikuwa umeingia naye vilevile. Aliponiona uso wake ukafunguka.

"Ah, ni weye, mama Kavira. Basi leo niko kwa wangu."

Ticha Ayiko alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alifungua bulletin juu ya meza. Mjue kwamba karatasi ile haikuwa na pourcentage, yaani alama kwa mia, wala nafasi ya mtoto darasani. Programu ya kimataifa haikupenda mambo hayo. Iliandika maneno tu: anakua, anaanza, anakaribia. Mzazi wa Bunia ukimpa bulletin isiyo na pourcentage ni kama umempa chungu bila chakula. Mama Furaha aliigeuza, akaangalia nyuma yake, akaigeuza tena.

"Alipata ngapi? Ni wa ngapi?"

Nikamuuliza mwalimu kwa Kiingereza. Akatikisa kichwa akaeleza, taratibu, kwamba hawapimi hivyo. Kisha akasema mengine. Kwamba Furaha ana akili, ila kusoma kwake hakujafika kiwango cha darasa la saba. Kwamba kuanzia Jumatatu kutakuwa na masomo ya kurekebisha, wiki tatu, kila asubuhi. Kwamba asipokuja, nafasi yake itapewa mtoto mwingine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi, na hilo haliamui yeye.

Nilisikia yote. Niliyaelewa yote. Nataka hilo lijulikane.

Lakini Mama Furaha alikuwa ananitazama mdomo, amekishika kile kitambaa cha kanisani magotini, na swali lake lilikuwa moja tu. Nikaona nikianza na jibu zuri, mengine yatakuwa rahisi.

"Soixante-douze," nikasema. "Ni wa sita."

Sabini na mbili kwa mia. Sijui niliitoa wapi. Mama Furaha alicheka kwa sauti ndogo, kama mtu aliyemwagiwa maji ya vuguvugu, akafunika mdomo. Na hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Baada ya sabini na mbili, ningesemaje kwamba mtoto hajui kusoma? Maneno ya mwalimu yalibaki yamesimama nyuma ya uongo wangu, na mlango ulikuwa umefungwa.

Mama Furaha hakuwa mjinga. Alikunja uso kidogo.

"Ule mwalimu alisema maneno mingi. Weye umesema kidogo."

"Kiingereza ni lugha ndefu, mama," nikamjibu.

Ticha Ayiko akaniuliza: je, mama ameelewa? Mtoto atakuja Jumatatu?

Nikamgeukia Mama Furaha. "Anauliza kama umefurahi."

"Mwambie nimefurahi sana. Mungu amubariki na bitoto byake yote."

Nikamgeukia mwalimu nikamwambia, kwa Kiingereza safi, kwamba ndiyo, atakuja. Akachukua kalamu moja kati ya zile tatu, akaweka alama kwenye daftari lake, mbele ya jina la Furaha.

Kulikuwa na njia ya kurekebisha. Nilijua kwamba Jumamosi Furaha na mama yake wangeshuka Kasenyi kwa likizo, kama kila mwaka, kusaidia kwa shangazi kwenye majiko ya kukaushia samaki. Ile ilikuwa Alhamisi. Usiku ule sikulala vizuri. Nilitunga maneno, nikayapanga, nikayabadilisha. Ijumaa mchana nikatembea hadi Mbunya nikiyarudia njiani: mama, nilisahau kitu kimoja. Mama, nilisahau kitu kimoja.

Nilikuta majirani wamekaa uani. Mama Furaha alikuwa amepika ugali na samaki mkubwa mwenye mchuzi wa nyanya. "Huyu ndiye aliniletea habari," akawaambia, akanivuta mkono. Mzee mmoja jirani akauliza alipata ngapi, ingawa nadhani alikuwa ameshaambiwa mara tatu. "Soixante-douze!" wakaitika wanawake wawili kwa pamoja, na mmoja akaongeza kwamba mtoto wake mwenyewe alipata quarante, arobaini tu, na alikula ugali mwingi kuliko huyu wa soixante-douze. Wakacheka. Furaha aliniangalia kwa mshangao kidogo. Alijua jinsi alivyosoma. Akaja akaniuliza sikioni, "Kweli alisema vile?" Nikasema kweli.

Mama Furaha aliniwekea kichwa cha samaki, ambacho kwao hupewa mgeni. Nilikila chote. Kila tonge nilijiambia, nikimaliza hili nitasema. Kisha sahani ikawa tupu, nikashukuru, nikarudi nyumbani.

Baba, tangu zamani akiwa mtu wa safari, alikuwa na msemo wake: ukibebeshwa mzigo wa mtu, ufikishe wote, hata kama kamba inakukata. Wafanyabiashara wa kwetu hubebeshana mizigo hivyo, mfuko wa maharagwe, barua, dawa, na aibu kubwa ni kuufungua njiani ukatoa kitu. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utoto. Sikudhani ulihusu maneno.

Jumatatu masomo ya kurekebisha yalianza bila Furaha. Wiki tatu zikapita. Mimi nilimwomba Mungu anirekebishie, halafu, kwa kuwa likizo ni ndefu na mtoto ni mtoto, nikasahau kwa siku nzima nzima.

Mwezi wa tisa orodha ya darasa la saba ilibandikwa mlangoni. Nilitafuta jina langu kwanza. Halafu lake. Nilisoma orodha ile kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kama Mama Furaha alivyoigeuza bulletin. Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu, sweta ya kijani imefuliwa, anasubiri nimsomee.

"Niko wa ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia wamesahau kumwandika. Hata hapo.

Kesho yake Mama Furaha alikuja ofisini. Sisi tulikuwa kwenye mstari barazani, tukingoja vitabu, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Directeur hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha daftari la Ticha Ayiko, lenye ile alama.

"Mama, iko hapa. Uliambiwa ulete mutoto Jumatatu, na ulisema ndiyo."

"Sikuambiwa, Directeur. Niliambiwa soixante-douze."

"Siye hatutoe pourcentage hapa. Nani alikutafsiria?"

Mama Furaha akageuka kuangalia mstari wetu. Macho yake yalipita juu ya wote, yakafika kwangu, yakakaa. Directeur akauliza tena ni nani, akaeleza: kama angempata huyo mkalimani, angemuuliza, na kama kosa ni la shule angeona la kufanya; bila hivyo, nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine, na huyo mwingine alikuwa ndani darasani ameketi.

"Sikumbuke," akasema Mama Furaha. "Batoto yote inafanana na hii sweta yenu."

Akamshika Furaha mkono wakaondoka. Mimi nilifurahi. Lazima niliseme hilo, kwa sababu hadithi hii haina maana nikiliacha: nilifurahi kwamba amenisahau.

Furaha hakupata shule nyingine mwaka ule. Walirudi Kasenyi kwa shangazi, na baadaye, mambo yalipoharibika kandokando ya ziwa, watu walisema wamepanda boti wakavuka kwenda Uganda. Zaidi ya hapo sijui. Mara nyingine najiambia kwamba huko alijifunza Kiingereza vizuri kunishinda, ana kazi, ana watoto wanaosoma. Kisha najishika. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nimejitungia, kama nilivyotunga ile sabini na mbili.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mwanamke aliyeniita kwa jina, akaniita wake, akanipa kichwa cha samaki mbele ya majirani, hangeweza kunisahau katika miezi miwili. Alinijua. Nikiwa sekondari nilielewa hivyo, na kwa muda mrefu nilijifariji nayo: aliona nafasi moja imepotea, akakataa ipotee ya pili. Alinihurumia. Ni mawazo mazuri, na yalinisaidia kulala.

Lakini tangu nilipomaliza chuo nawaza tofauti. Directeur aliuliza mara mbili, na kati ya swali la kwanza na la pili Mama Furaha hakusema neno. Alinitazama tu. Mtu anayetaka kukuficha hakutazami. Sasa naamini alikuwa ananingoja. Alijua kwamba neno lake dhidi ya daftari la shule si kitu, na kwamba mtu mmoja tu pale angeweza kumrudishia mtoto wake dawati, na mtu huyo ilibidi ajitoe mwenyewe. Akanipa muda. Alipoona hauleti kitu, akanifungulia mlango niende zangu.

Kutoka kwenye mstari hadi ofisini zilikuwa hatua tatu.