Jiwe la Bibi Kwenye Mkeka

Juzi nilijipunja mwenyewe. Mteja wangu wa Dar es Salaam alinipigia simu kuulizia mchele wa Kamsamba, magunia kumi. Nikamtajia bei. Kimya. Nikajua huyu ameshtuka, nikamwahi: "Lakini wewe ni mteja wangu, nitakupunguzia." Nikashusha. Ndipo sauti yake ikafika, imechelewa kwenye mtandao kama basi lililopasukiwa tairi: "Sawa mama, nimekubali." Alikuwa amekubali bei ya kwanza. Haukupita muda ikafika sauti ya pili: "Enhee, umesema unapunguza?"

Nimebishana bei na watu wa pande zote mbili za mpaka huu wa Zambia, kwa Kiswahili, kwa Kinyamwanga, kwa Kibemba na kwa Kiingereza cha kuokoteza. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushindwa na mtu ambaye hajafungua mdomo. Nikakaa juu ya gunia nikamkumbuka bibi, maana nilipokuwa na miaka kumi nilijua vizuri kabisa mtu anapaswa kusubiriwa mpaka ngapi. Mpaka tisa.

Tulikuwa tunakaa Chapwa, mimi na yeye, enzi ambazo Chapwa ilikuwa mashamba mengi na nyumba chache, na ukisikia kishindo kikubwa ni treni ya kwenda Zambia, si malori. Bibi alilima maharage akayauza mwenyewe sokoni. Sijaona tena mtu mwenye jibu la haraka kama lake. Mteja alikuwa hajafika mwisho wa sentensi, sauti ndiyo kwanza inateremka, bibi amekwishasikia pumzi inakatika na jibu lake linatua palepale. Hakumkatiza mtu, wala hakumwacha mtu asubiri. Mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu; hata kuku nilikuwa nawahesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kuku wanatembea. Nikajaribu kuhesabu nafasi iliyobaki kati ya neno la mwisho la mteja na neno la kwanza la bibi. Hata moja haikukamilika.

Miaka ile sukari na sabuni vilikuwa vya foleni. Lori likisemekana linakuja kwenye duka la ushirika, hakuna aliyejua ni leo au keshokutwa, na shamba halingoji. Kwa hiyo watu hawakupanga miguu, walipanga mawe. Kila kaya ilikuwa na jiwe lake linalojulikana. La kwetu lilikuwa jeusi, ukubwa wa ngumi mbili, lina mstari mweupe katikati. Kazi ya kulipeleka na kulirudisha ilikuwa yangu. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyesimamia foleni. Jumamosi moja mwanaume mzima alisukuma jiwe la mtu kwa mguu akasimama mahali pake. Balozi akamshika mkono, akampeleka mwisho kabisa mbele ya watu wote. "Jiwe ni mtu," akasema. "Ukilisukuma umemsukuma mwenyewe."

Wakati wa palizi, mwaka huohuo, bibi alianguka shambani. Alirudi kutoka zahanati mkono wa kulia umelala na mdomo umevutika upande mmoja. Mganga wa pale alisema ni kiharusi. Akasema maneno yote yamo ndani, ila njia ya kutokea imekuwa ndefu.

Watu hawakumwelewa. Walikuja kumwona wakaketi, wakauliza, "Mama, umeamkaje?" Kimya. "Umekula?" Kimya. "Mwanao wa ng'ambo ameleta habari?" Hapo ndipo bibi anajibu: "Salama." Jibu la swali la kwanza limetua juu ya swali la tatu. Wageni wanatazamana. Nje nawasikia wakisema masikini, akili imekwenda.

Mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja, nikampima kwa namna yangu. Namwuliza, "Bibi, nichemshe uji?" halafu nahesabu polepole. Moja, mbili, tatu, naendelea tu. Kwenye tisa: "Chemsha." Kesho yake nikarudia. Tisa. Ukimwachia hiyo tisa bila kumrushia neno jingine, bibi alikuwa yuleyule, pamoja na ukali wake wote. "Chumvi... umeionea... huruma?" aliniuliza siku moja juu ya majani ya maboga niliyopika.

Mjomba alikuja wakati maharage yanaanza kukauka. Ndiye mwanawe mkubwa, alikuwa akifanya kazi upande wa Zambia, na hakuja mikono mitupu: alileta mche wa sabuni na kilo mbili za sukari nyeupe, vitu vya kumfanya jirani apite kwako mara tatu kusalimia. Alikuwa amekuja kumchukua bibi moja kwa moja. Mimi ningepelekwa kwa mama mdogo, Mbozi Misheni. Shamba likishaachwa, kijiji kingempa mtu mwingine, na hayo yakishaandikwa hayafutiki. Kwa hiyo aliitwa balozi na daftari lake, na mama mdogo naye akaja, tukakaa kwenye mkeka, bibi ameegemezwa ukutani.

"Mama," mjomba akasema, "kule kuna hospitali. Kuna godoro la sponji. Mkwe wako atakuogesha. Tuondoke kesho?"

Nikaanza kuhesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu.

"Umeona, balozi? Hajakataa."

"Muulize tena, kaka," mama mdogo akasema.

"Mama, kesho tunaondoka, sawa?" Safari hii mjomba hakufika hata tatu. "Haya, amekubali. Andika, balozi."

Wala sikumlaumu sana. Alikuwa mtu wa mpakani, na sokoni kwetu ukitaja bei mtu akanyamaza mfuko mkononi, amekubali, biashara imeisha. Bibi mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo.

Balozi akalamba ncha ya penseli. Nikatoka nje. Jiwe letu lilikuwa pembeni ya mtungi. Nikalibeba, nikaliweka kwenye mkeka, katikati ya bibi na mjomba, nikapiga magoti, nikagonganisha viganja taratibu kama tunavyofanya mbele ya wakubwa.

"Shikamoo, balozi. Bibi ameweka jiwe."

"Hiki kitoto kimerogwa?" mjomba akauliza. "Hapa pana foleni ya sukari?"

"Ondoa hilo jiwe, we mtoto," mama mdogo akasema. "Unatuaibisha."

Balozi alilitazama jiwe kwa muda mrefu. Alilijua. Akaweka penseli juu ya daftari. "Jumamosi ile nilimrudisha mtu mzima nyuma kwa sababu ya jiwe," akasema. "Nikiruka hili, kesho nitasimamia foleni kwa mdomo gani? Tusubiri."

"Tusubiri mpaka lini?"

"Mpaka tisa," nikasema.

"Haya, hesabu," balozi akaniambia. "Kwa sauti."

Nikahesabu. Mjomba alikuwa anatikisa goti. Kuku aliingia, akatuzunguka, akatoka. Saba. Nane. Tisa.

Hakuna kitu.

Mjomba alianza kunyanyuka. Sikujua la kufanya, nikafanya ninalofanya siku zote: nikaanza upya. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Nani..." bibi akasema.

Mjomba akamrukia palepale. "Eeh, mama! Unasemaje? Unataka maji?"

Balozi akanyoosha mkono. "Jiwe bado lipo, bwana."

Mjomba akarudi kukaa.

"Nani... kasema... nimemaliza?"

Mama mdogo alijifunika mdomo kwa khanga. Bibi alikuwa anamtazama mwanawe usoni, na mimi nilikuwa nahesabu tena, sasa bila sauti.

"Siendi," akasema.

Mjomba aliinama. Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Akaanza kukusanya vitu vyake, akavuta na kikapu chenye ile sukari. Balozi akainama kuondoa jiwe, lakini mkono wa kushoto wa bibi, ule mzima, ulikuwa umeshalilalia. Tukasubiri.

"Sukari... acha."

Balozi ndiye aliyeanza kucheka, kofia ikamdondoka. Mjomba alikuwa wa mwisho, lakini alicheka. Sukari aliiacha. Nilipima jioni ile nikakuta kilo mbili kamili, nikapima tena.

Bibi alivuna maharage mengine mara mbili, yaani mimi nilivuna, yeye akisimamia kwa macho. Wageni walizoea. Mtu akiingia alilisogeza jiwe mwenyewe karibu na bibi kabla ya kuuliza habari, na jirani yetu alikuwa akisema kwetu unakwenda ukishamaliza kazi za siku nzima. Mazungumzo yalikuwa marefu, ugali unapoa, lakini hakuna aliyesema tena kwamba akili imekwenda. Hesabu ilipanda polepole. Kumi na moja. Kumi na nne. Asubuhi moja ya Julai, upepo unavuma na uji uko jikoni, nilimwamkia nikahesabu mpaka thelathini. Nikarudia. Halafu nikaenda kumwita balozi.

Miaka mingi baadaye nilimsikia daktari mmoja redioni akieleza kwamba kichwa cha mtu hakingoji mwenzake amalize. Huanza kuandaa jibu mwenzake akiwa bado anasema, ndiyo maana watu hupokezana maneno kwa nafasi isiyozidi kope kupepesa. Na kwa sababu tumezoea nafasi hiyo ndogo, ikiongezeka kidogo tu tunaijaza maana zetu: amekataa, amekubali, amekasirika, hana akili. Nilisikiliza nikiwa napepeta mchele. Sikuona jipya. Jipya lilikuwa tu kwamba mtu amelipwa mshahara kulijua.

Pale nyumbani kwa bibi sasa ni maegesho ya malori. Walisawazisha kwa mashine, wakamwaga kokoto, na jiwe jeusi lenye mstari mweupe liko chini ya gurudumu la nani sijui. Foleni zimebaki za malori tu, na dereva akishuka kidogo, wa nyuma anapita. Jana, baada ya ile hasara ya simu, nilipita pale kwa miguu. Getini yupo kijana mlinzi. Nilimsalimia, akaitikia salamu kabla sijaimaliza, macho yakiwa kwenye simu yake.

Nilibaki nimesimama naangalia kokoto. Akainua kichwa.

"Bibi, kuna kitu umepoteza?"

Nilihesabu mpaka tisa. Bado alikuwa ananitazama. Nikahesabu tena, ndipo nikamjibu.

"Ndiyo. Nilikipoteza juzi kwenye simu, si hapa kwako, mjukuu wangu. Asante kwa kusubiri."