Pango Lililonyamazishwa

Pango letu halingurumi tena. Mdomo wake umevunjwa kwa nyundo, na mawe yake sasa ni ukuta wa hoteli inayojengwa juu ya ukingo ili wageni watazame maporomoko na wavuvi.

Lilikuwa tundu katika mwamba, hapa Kisangani, lililochimbwa na mto wenyewe. Maji yakianza kujaa yalisukuma hewa ndani, na pango likalia kama ngoma. Ukoo wa mama yangu husema humo anakaa koko, bibi yetu wa kale, anayewaita wanawe watoke majini. Utotoni nilipelekwa kumsalimu: unalowesha kiganja, unakibandika kwenye jiwe la mlangoni, husemi kitu. Viganja vya watu vilikuwa vimelilainisha jiwe lile kama sabuni.

Mjomba wangu hutega samaki kwa vikapu vikubwa vinavyofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya mkondo. Hupanda kule bila kamba. Maisha yake yote ameshuka koko alipoita.

Mwezi uliopita nilikwenda naye. Jiwe la mlangoni halikuwapo. Mwenye hoteli alikuwa amesimama mahali pake, viatu vyeupe.

"Bon, tonton, jiwe iko jiwe tu," akamwambia mjomba.

"Kama iko jiwe tu," mjomba akajibu, "juu ya nini uliifuata mpaka kwa nyumba ya koko? Kwenu mawe haiko?"

Wavunja mawe wakacheka. "Alors, tonton, umupatie koko telefone, atakuita!"

Niliuliza nani alitoa ruhusa. Mwenye hoteli akaelekeza kidevu upande wa mjini. Nimekwenda mjini, kila mlango unanituma mlango mwingine. Mtu anataka kuuza sura ya wavuvi wetu kwa wageni, na amewanyang'anya onyo lao!

Jana mto ulipanda ghafla. Wavuvi wenzake walishuka walipoyaona maji. Mjomba alibaki juu, akikaza kikapu.

"Tonton, shuka! Maji inapanda!" nikamwita kutoka ukingoni.

"Koko hajaita."

"Ataita namna gani? Wamemuvunja mudomo!"

"Wewe ndiye unasema."

Binamu zangu walimfuata kwa mtumbwi wakamshusha kwa nguvu, huku akiwatukana. Leo asubuhi amepanda tena. Maji hayajapungua, na pango liko kimya.