Murekatete na Sauti ya Pili

Murekatete aliingia korali ya chuo kikuu kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu alilazimika kusimama karibu naye. Darasani, kule Walikale, alikaa mwisho wa benchi, na mkoba wake ukashika nafasi ya jirani. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Wenzake walikuwa watu wa msituni, wamejuana tangu shule ya msingi. Yeye alitoka kwenye vilima vya Masisi, kwa wafugaji wa ng'ombe, na alikuwa mtu ambaye salamu yake isiposikika mara ya kwanza, hairudii.

Maestro wa korali alikuwa Damien, mwanafunzi wa madarasa ya juu, asiyecheka wakati wa mazoezi. Alimsikiliza kidogo, akamwambia, "Dada, wewe ni alto, sauti ya pili," akamsogeza taratibu mpaka kati ya ukuta na msichana mnene aitwaye Mapendo. Hapo Murekatete alisimama miaka yake yote ya chuo.

Damien alikuwa na namna yake ya kufundisha. Soprano waliimba barazani, wanaume wa tenori nyuma ya maktaba, wa besi chini ya mti, alto wakabaki ndani. Kila kundi lilijifunza sauti yake peke yake. Siku ya kuunganisha, aliwaamuru alto wazibe sikio moja kwa kidole, maana alto, alisema, wana ugonjwa wa kuwakimbilia soprano. Murekatete, mtiifu kwa kila aliyesimama mbele yake, aliziba yote mawili. Alichokijua cha wimbo ni sauti yake mwenyewe, na bega la Mapendo lililotetemeka kila walipofika kwenye noti ndefu. Hata siku za kuimba mbele za watu, bila kidole, masikio yake yalikuwa yameshazoea kujifunga.

Kisha vita vikasogea, chuo kikafunga, kila mmoja akashika njia yake.

Huko Masisi, wasichana aliocheza nao walikuwa wameolewa. Kaka zake walikuwa migodini Rubaya wakibeba mizigo ya madini ya koltani. Nyumbani walibaki baba yake, Papa Gatera, na mama, na ng'ombe. Gatera alikuwa ameuza mitamba ili binti asome, na sasa majirani walimuuliza, kwa upole wenye meno, binti amerudi na nini.

"Amerudi na wimbo," alijibu. Akaahidi parokia nzima kwamba Jumapili ya mavuno wangeusikia.

Murekatete hakuwa na ujasiri wa kumkatalia. Wiki nzima alijificha nyuma ya zizi la ndama akiitafuta sauti ya soprano, ile inayobeba wimbo wenyewe. Alianza vizuri, kisha mdomo ukateremka kwenye njia yake ya kila siku, kama ng'ombe anayejua kwao. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Jumapili ikafika. Alisimama mbele ya altare akaimba alto, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Akashika noti moja muda mrefu huku maneno yakipita juu yake. Akashuka hatua, akapanda, akarudi palepale. Ikafika sehemu ambapo soprano huimba peke yao, naye akanyamaza, akihesabu moyoni, mdomo umefungwa, mbele ya kanisa lililojaa. Watu wakadhani amesahau. Mama mmoja mzee, kwa huruma, akaanza kupiga makofi ili amsaidie kumaliza. Makofi yakaenea. Murekatete alikuwa na beti mbili bado, lakini akarudi kukaa.

Nje, jirani yao Jado hakuiacha ile nafasi ipite.

"Gatera, ile mitamba uliuzisha, ingebaki, leo ingetuimbia muzuri zaidi."

Watu wakacheka. Gatera akacheka nao kidogo, akavaa kofia, akashika njia ya nyumbani.

Kesho yake, wakikamua, baba alimwambia binti bila kugeuka:

"Ile njo wimbo yenyewe?"

Murekatete akamweleza. Kwamba ile ni sehemu moja tu kati ya nne. Kwamba nyingine ziko kwa wengine: tenori mmoja, Plamedi, alisikika yuko machimboni Bisie anatafuta kazi, Damien hakuna anayejua aliko, soprano wametawanyika.

Baba alikamua mpaka chuchu zikakauka. "Basi haukukosea."

"Sikukosea, papa."

"Lakini batu walisikia makosa."

"Ndiyo."

Gatera alitaka kwenda kumweleza Jado. Murekatete akamwomba asiende. Kueleza kungekuwa kuimba vibaya mara ya pili.

Lakini mchana alipanda kilimani panaposhika rezo ya simu, akamtumia Mapendo ujumbe wa sauti. Hawakuwa wamewahi kuongea mengi. Walikuwa wamesimama tu pamoja. Alimuuliza kama anakumbuka sauti ya soprano. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa. Mapendo alikuwa anacheka, kisha hakuwa anacheka tena.

"Wee dada, mimi pia niko alto. Kanisani kwetu waliniomba, nikaimba, shangazi akasema niende kwanza nikunywe maji. Mimi nilikuwa naomba ni wewe unitumie soprano."

Mwishoni mwa ujumbe aliimba alto yote, pamoja na vile vituo vyake vya kunyamaza, ambamo ilisikika mvua tu ya Walikale ikipiga bati.

Murekatete aliucheza tena ujumbe ule jikoni, akaimba pamoja nao, noti ileile juu ya noti ileile. Palipokuwa pa kunyamaza, walinyamaza wote wawili. Baba yake alikuwa mlangoni, amesimama na ndoo ya maziwa, akisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa muko wawili," alisema. "Na wimbo bado haiyafika."

"Haiyafika, papa."

Aliweka ndoo chini, akakaa kwenye kigoda. "Rudisha tena," akasema. "Wale wengine waliimbaka wapi? Nionyeshe tu fasi yao."

Murekatete akaanza upya. Kila ilipofika zamu ya wasiokuwepo, aliinua mkono, na wakangoja.